Kitabu cha bure kilichonikutanisha na waandishi wapya wa hadithi za kisayansi

Bibi yangu ana miaka themanini na ushei, macho yake yamechoka, na maishani mwake hajasoma riwaya hata moja. Lakini yeye ndiye aliyeniondolea shaka kuhusu kitabu hiki. Habari yake inakuja.

Kitabu kinaitwa Africanfuturism: An Anthology. Ni mkusanyiko wa hadithi nane za kubuni za kisayansi, zilizoandikwa na Waafrika na watu wenye asili ya Afrika. Kilitoka mwaka 2020 kupitia Brittle Paper, wale wanaoandika habari za fasihi ya Kiafrika mtandaoni, walipotimiza miaka kumi. Mhariri ni Wole Talabi wa Nigeria, mhandisi ambaye naye ni mwandishi. Hakiuzwi. Unapakua, unasoma. Mimi nilikipakua kwa bando la usiku, nikakimaliza kwa wiki mbili, na tangu siku hiyo nimekirudia mara tatu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari ya kata wilayani Rungwe, mkoa wa Mbeya. Hadithi za kisayansi nazipenda tangu kidato cha pili, na kwa miaka mingi shida yangu ilikuwa moja: kumpata mwandishi mpya. Maktaba ya shule niliyosoma ilikuwa na vitabu vitatu vya aina hii, vyote vikubwa kwangu kwa umri, kimoja kikiwa kimenyofolewa kurasa za mwisho. Nilivisoma hadi nikavijua kwa moyo. Nilipopata simu nikaanza kutafuta mwenyewe, na kila orodha niliyoipata ilikuwa na majina yaleyale kumi, nusu yao marehemu. Programu za kuuza vitabu ndizo zilizonichosha kabisa. Ukisoma kitabu kimoja cha vita vya angani, unaletewa vingine arobaini vya vita vya angani, kana kwamba mtu aliyekula ubwabwa leo hatakula kitu kingine mpaka afe. Kwa njia hiyo nilinunua riwaya mbili. Moja ilinishinda nikiwa ukurasa wa sitini. Shilingi elfu ishirini na kitu za mwalimu, zikikwama ukurasa wa sitini, zinauma.

Ndiyo maana nasema mkusanyiko wa hadithi fupi ndio mlango sahihi kwa mtu anayetafuta waandishi. Hadithi moja ni jioni moja. Ukichoshwa na mwandishi, umepoteza jioni moja na kesho unaonja mwingine. Ukimpenda, una jina mkononi, na jina ndilo unalolihitaji ili kuendelea kutafuta. Kitabu hiki kilinipa majina manne ambayo sikuwahi kuyasikia, na kila moja limenifikisha mahali.

Sasa nije kwa bibi.

Hadithi ya kwanza kitabuni inaitwa "Egoli", ya T. L. Huchu wa Zimbabwe. Ni ya mwanamke mzee kijijini, usiku, anatazama nyota na kuyapitia maisha yake yote, huku mawazo yakimwendea mjukuu wake aliyeingia kazi ya kuchimba dhahabu angani. Egoli ni jina la Johannesburg, mji wa dhahabu, ule ulioita wanaume kutoka kila kona ya kusini mwa Afrika. Mwandishi ameisimulia yote kwa nafsi ya pili: wewe unaamka, wewe unatazama, wewe unakumbuka. Kwa Kiingereza nafsi hii mara nyingi naiona kama mapambo. Sikujua nguvu yake mpaka Jumapili moja nilipokwenda kumsalimia bibi, mvua ikanizuia, nikakaa naye jikoni karibu na moto, nikaanza kumsomea, nikitafsiri papo hapo kwa Kiswahili, na neno likinikwama nasaidia kwa Kinyakyusa.

Nilisoma sentensi za mwanzo, yule mama akitazama nyota. Bibi akanijibu.

"Mimi siku hizi sizioni, mume wangu. Naona weupe tu."

Alidhani nazungumza naye. Sikumsahihisha. Niliendelea kusoma, na kila penye "unakumbuka" bibi alitikisa kichwa au aliguna, mara nyingine akasema anakumbuka, mara nyingine akasema hapana, hilo halikuwa hivyo. Nilipofika habari ya wanaume kwenda migodini, akaweka chini ndizi alizokuwa akimenya.

"Babu yako alikwenda Joni," akasema.

Hilo nililijua kijuujuu. Sikujua mengine. Wazee wetu wa Rungwe walikuwa wakiajiriwa na Wenela, shirika lililokusanya vijana kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, kabla njia ile haijafungwa Uhuru ulipokuja. Bibi alinisimulia kwamba babu alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza alirudi na baiskeli. Mara ya pili alirudi na mablanketi manne na kikohozi, na kikohozi hakikumwacha. Hakuwahi kunieleza hayo, na mimi ni mtu mzima mwenye watoto wawili. Hadithi ilipoisha akauliza:

"Na huyo mjukuu wake, atarudi?"

"Hadithi imeishia hapo, bibi."

"Babu yako alirudi. Wapo watu wa kule Masoko ambao hawakurudi." Kisha akanyamaza kitambo, akasema, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaendelea kumenya ndizi.

Nimesoma tahakiki nyingi za vitabu zinazosema kitabu fulani kinagusa. Mimi sina kipimo kingine zaidi ya hicho cha jikoni. Huchu alichukua uchimbaji wa anga za juu, jambo ambalo kwa kawaida huandikwa kwa mabilionea na mitambo, akaliweka kwa mama aliyebaki nyumbani, na mama aliyebaki nyumbani akalitambua.

Wiki ile niliipeleka hadithi darasani. Nilichapisha nakala tano pale steshenari, nikawagawia wanafunzi wa kidato cha tatu kwa vikundi. Kwetu hapa dhahabu si jambo la mbali. Chunya iko ng'ambo ya milima, na nina wanafunzi ambao kaka zao wako kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, huko. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, huko juu dhahabu ikiwa nyingi hivyo, ikishushwa si itakuwa bei ya mabati?" Tukaacha mada ya siku hiyo. Tukaanza kwenye asteroidi zenyewe, yale mawe ambayo mengi yanazunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Nikawaeleza kwamba Oktoba 2023 NASA walirusha chombo kwenda kwenye asteroidi yenye metali nyingi iitwayo Psyche, na kwamba mwezi mmoja kabla ya hapo chombo kingine kilileta duniani udongo wa asteroidi ya Bennu, gramu 121 na kitu, kwa safari iliyogharimu zaidi ya dola bilioni moja. Wakagawanya wenyewe. Zaidi ya dola milioni 8 kwa gramu! Mmoja mwenye kaka Chunya akasema basi kaka yake aendelee tu na karasha lake la kusagia mawe. Kwangu mimi hii nayo ni sehemu ya ubora wa kitabu. Hadithi nzuri ya kisayansi inamfanya mtoto ashike kalamu apige hesabu bila kuagizwa.

Hadithi ya Dilman Dila, "Yat Madit", ndiyo iliyonifanya nisilale. Dila ni Mganda wa Tororo, na pia anatengeneza filamu. Yat madit kwa Kiluo cha kaskazini mwa Uganda ni mti mkubwa, na ndani ya hadithi ni jina la mfumo wa mtandao ambao watu wanautumia kujiongoza wenyewe, bila rais wa kukaa juu yao. Binti ana baba aliyekuwa mtawala wa nchi na akafungwa. Baba anatoka gerezani, na ana hamu ileile ya madaraka. Ni hayo tu, na yanatosha. Kilichonishika ni kwamba Dila hakuazima mustakabali wake kutoka kwa mtu. Amechukua kikao cha chini ya mti, kile ambacho kila mmoja wetu amekaa au amesikia baba yake akikisimulia, ambapo mjadala unaendelea mpaka wote wamesema, akakiuliza: ukipewa kompyuta na akili mnemba, utakuwa nini? Na hakukiremba. Mti mkubwa nao una watu wanaojua kuupinda. Nina ubishi naye mmoja, kwamba sehemu ya maelezo ya namna mfumo unavyofanya kazi imerundikwa mahali pamoja, ukafika unahesabu aya ukingoja binti na baba wakutane tena. Lakini wanapokutana, mazungumzo yao ni ya baba na binti kweli. Upendo uko, na hatari iko palepale.

Ya tatu ambayo lazima niikalie ni "Behind Our Irises" ya Tlotlo Tsamaase wa Botswana. Wafanyakazi wa kampuni moja wametobolewa shimo shingoni, wameunganishwa na mwajiri wao hadi nyuma ya mboni za macho, na msimulizi anataka kupiga kelele lakini hana tena sauti ya kupigia. Hadithi hii iligawana na nyingine Tuzo ya Nommo, tuzo ya Waafrika wanaoandika hadithi za aina hii, kwa upande wa hadithi fupi mwaka 2021. Nilimtumia mdogo wangu wa kike, ambaye alifanya kazi miaka miwili katika kampuni moja Dar es Salaam ambako hata kwenda chooni kulikuwa na dakika zake, na mkataba ulikuwa unasainiwa upya kila baada ya miezi mitatu ili usiwe wa kudumu. Saa saba usiku akanitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, huyu mtu amenisimulia mimi." Akaniomba nimtafutie kila kitu alichoandika Tsamaase. Huo ndio utafutaji wa mwandishi mpya ninaousemea. Hadithi moja, jina moja, na mtu aliyekuwa hasomi kabisa anakuamsha usiku akitaka nyingine.

Zilizobaki nitazipitia haraka. "Rainmaker" ya Mazi Nwonwu nitairudia mwishoni. "Fruit of the Calabash" ya Rafeeat Aliyu inahusu watoto wanaokuzwa nje ya tumbo la mama, na wazo lake ni kubwa kuliko nafasi aliyopewa. Ningependa iwe riwaya. "Fort Kwame" ya Derek Lubangakene, Mganda mwingine, ina mwendo wa kasi, lakini inakutupa katikati ya mambo na ilibidi niisome mara mbili ndipo nikajua nani ni nani. "Lekki Lekki" ya Mame Bougouma Diene ndiyo iliyonipa kazi zaidi. Lekki kwa Kifulani ni mti, na nilifurahi kuona kwamba katika hadithi nane, mbili zimebeba mti kwenye jina, moja kutoka Uganda na nyingine kutoka upande wa Afrika Magharibi, bila waandishi kupangiwa. Ila lugha yake ni nzito, na msomaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu atasimama mara nyingi. Ya mwisho ni ya Nnedi Okorafor, ambaye si mpya kwa yeyote anayefuatilia, maana novela yake iitwayo Binti ilishinda tuzo kubwa za hadithi za kisayansi, Hugo na Nebula, zote mbili. Ndiye aliyeeleza mwaka 2019 maana ya Africanfuturism, neno lililokuwa jina la kitabu: hadithi za kesho zenye kitovu chake Afrika, si Marekani. Kama unatafuta majina mageni kwako, msome yeye mwisho, kama kitabu kilivyompanga.

Upungufu mkubwa ninaouona ni uchache. Hadithi nane zinaisha upesi. Na mimi nilisoma PDF kwenye simu ya kioo kidogo, jambo ambalo simshauri mtu mwenye macho ya kuvaa miwani. Ukiwa na kompyuta, hata ya kuazima, tumia hiyo. Upungufu mwingine, ambao si wa kitabu hiki peke yake, nitausema baadaye kidogo.

Kuna jambo nililojifunza ambalo sikulijua kabla. Nilikuwa nikifuata waandishi tu. Siku hizi nafuata pia wahariri. Talabi ndiye aliyezikusanya hadithi hizi nane, na anajulikana kwa kutunza orodha ya hadithi za aina hii zilizochapishwa na Waafrika. Ukiona ladha ya mhariri inakubaliana na yako katika hadithi nne kati ya nane, umepata mtu wa kukuchagulia kwa miaka. Kwa hiyo nilitafuta vya kwake mwenyewe pia, na mkusanyiko wake wa mwaka 2024, Convergence Problems, nauona ni wa mtu anayejua hesabu na pia anajua kilio. Uhariri huu una uzito zaidi sasa. Februari 2023 jarida la Clarkesworld la Marekani, moja ya majarida makubwa ya hadithi za kisayansi duniani, lililazimika kufunga mlango wa kupokea hadithi kwa muda kwa sababu ya mamia ya maandishi yaliyotungwa na mashine. Mtu anayekaa chini akasoma yote, akatupa, akabakiza kilicho hai, anafanya kazi ambayo mimi siwezi kuifanya kwa bando la usiku.

Nyuzi nilizozifuata kutoka kitabuni zilikuwa hivi.

Kwa Dila nilitaka kitabu cha karatasi. Duka moja la vitabu Dar lilipokea malipo ya awali, likaniahidi wiki tatu, na baada ya miezi mitano simu zangu zikawa hazipokelewi. Hela sikurudishiwa. Mwishowe ni rafiki niliyesoma naye chuoni, ambaye mkewe ni wa Kampala, aliyekuja na A Killing in the Sun kwenye begi lake la basi. Ni mkusanyiko wa mwaka 2014. Humo mna hadithi ya mbu waliobadilishwa maabara wakageuka balaa, na niliisoma nikiwa ndani ya chandarua, nikisikiliza mlio ule wa nje ya neti, nikazima taa nikiwa na woga wa kitoto. Hadithi zake za zamani ni kali kuliko "Yat Madit", zina damu na mizimu zaidi, na hazijali sana kueleza mitambo. Mimi napenda zote mbili. Ana mkusanyiko mwingine wa mwaka 2023, Where Rivers Go to Die, nao uko njiani kwa begi lilelile.

Kwa Tsamaase, mdogo wangu alinitangulia. Alisoma Womb City, riwaya iliyotoka mwaka 2024, kabla yangu, akaniambia ni ya mtu mwenye hasira na kwamba anaipenda kwa sababu hiyo. Mimi nimefika katikati na naona imejaza mambo mengi mno, kila sura ina wazo ambalo mwandishi mwingine angelitengenezea kitabu kizima. Tunabishana kwa simu kila Jumamosi.

Kwa Huchu nilipata mshangao. Siku hizi makazi yake ni Uskoti, na riwaya zake za karibuni, zinazoanza na The Library of the Dead ya mwaka 2021, ziko Edinburgh, na mhusika wake ni msichana anayeongea na mizimu ya wafu. Hazifanani na "Egoli" hata kidogo. Aliyempenda kwa ajili ya yule mama na nyota zake anaweza kuvunjika moyo kurasa za kwanza. Mimi nilivunjika, kisha nikaendelea, kisha nikacheka peke yangu kwenye noa ya kwenda Mbeya mjini hadi abiria wa pembeni akaniuliza nasoma nini.

Uzi wa nne ndio mnene. Mazi Nwonwu, mwandishi wa "Rainmaker", pamoja na Chinelo Onwualu ndio walioanzisha jarida la Omenana mwaka 2014 nchini Nigeria. Ni jarida la hadithi hizihizi, la mtandaoni, na kusoma ni bure. Hapo nimeonja waandishi kutoka nchi ambazo sikujua zina mtu anayeandika kesho. Ubora unapanda na kushuka, toleo moja linakupa hadithi mbili za kukumbuka na jingine halikupi hata moja, lakini ndivyo ilivyo sokoni kila mahali: unapita meza zote ndipo unapata nyanya za maana. Nikiwa sina muda wa kupita meza, natazama orodha za walioteuliwa kwa Tuzo za Nommo, zinazotolewa na chama cha waandishi hao, African Speculative Fiction Society, tangu mwaka 2017. Sisomi washindi kwanza, nasoma walioteuliwa tu wakakosa, maana humo ndimo majina mapya hukaa. Riwaya ya kwanza kabisa kuchukua tuzo hiyo ilikuwa Rosewater ya Tade Thompson, na miaka miwili baadaye, 2019, hiyohiyo ikashinda Tuzo ya Arthur C. Clarke ya Uingereza. Aliyekuwa anaangalia Nommo alikuwa ametangulia wenzake kwa miaka miwili.

Na kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kuna kitu cha kutusogeza nyumbani: Geoff Ryman, mwandishi wa Kanada anayeishi Uingereza, alianza mwaka 2016 kuwahoji waandishi mia moja wa Kiafrika wa hadithi hizi, na sura ya kwanza aliifungulia Nairobi. Huko kulikuwa tayari na kundi la waandishi liitwalo Jalada, ambalo Januari 2015 lilitoa toleo zima kuhusu mustakabali wa Afrika. Ukisoma mahojiano yale unaona vijana wanavyotajana, huyu anamtaja yule, na kila kutajana ni mlango.

Sasa ule upungufu niliouacha. Hadithi zote nane ni za Kiingereza. Bibi hawezi kuzipata isipokuwa kwa mdomo wangu. Wanafunzi wangu wengi wa kidato cha kwanza hawawezi kuzipata pia, wakati umri wao ndio umri wenyewe. Na si kwamba Kiswahili hakijaonja utamu huu. Katama Mkangi wa Kenya aliandika Walenisi, riwaya iliyotoka mwaka 1995, ambamo Dzombo anahukumiwa kufa kwa kufungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani, na chombo kinamfikisha kwenye jamii inayoishi kwa haki. Jina la mahali pale ni sentensi nzima ukilitamka polepole: wale ni sisi. Mkangi alifariki mwaka 2004. Nilikiazima kwa mwalimu wa Kiswahili shuleni kwetu, aliyekipata kwa jamaa yake wa Mombasa, na nilipokifunga nilijiuliza kwa uchungu wenzake wa leo wako wapi. Najua wapo. Natafuta majina yao kwa bidii ileile niliyotafutia haya mengine, na nikipata mhariri wa Kiswahili mwenye jicho kama la Talabi, atakayetuwekea hadithi nane za kesho mahali pamoja, bure au kwa bei ya gazeti, nitakuwa wa kwanza kulipa na wa kwanza kuzipeleka darasani.

Kwa sasa natafsiri mwenyewe, kwenye daftari, kwa ajili ya msikilizaji mmoja. Juzi bibi aliniuliza kama ile simu yangu ina hadithi nyingine. Nimechagua "Rainmaker", ya watoto wa sayari kame na ujuzi wa kuita mvua uliohamia huko kutoka duniani. Rungwe hapa mvua inanyesha karibu mwaka mzima, kuni hazikauki, nguo zinakaa kambani siku tatu. Nilipomwambia ni hadithi ya mahali pasipo na mvua kabisa alinitazama kwa mashaka, akauliza watu wa huko wanapanda nini. Nimefika ukurasa wa nne. Jumapili nitampelekea hizo nne.